Pima Moja, Pima Sita

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Rubani wa hori letu, yule anayeziongoza meli kuingia bandarini, anastaafu, mgongo umemshinda. Nafasi yake ina kofia, mshahara na, la muhimu kuliko yote, nyumba yenye mlango wake. Mwaka wa nne huu naishi chumba cha nyuma kwa mama mkwe, nakohoa kwanza ndipo niende chooni. Nimechoka! Nyumba hiyo ni yangu.

Sifa ninazo. Miaka tisa mimi ni karani, nagonga mihuri dirishani bandarini. Kila meli iliyoingia horini imepita mkononi mwangu. Imepita kwenye karatasi, lakini imepita.

Mpinzani ni mmoja: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nahodha wa tishari, lile jahazi bapa la kubebea mchanga. Tunamwita Kimya. Sasa mtu asiyeongea atamwongoza nani? Meneja ametangaza mtihani Ijumaa. Kila mmoja wetu aingize tagi, ile boti nene ya kuvuta meli, kutoka nje baharini hadi gatini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima ramani ya hori kutoka stoo. Mwenye stoo hakuwepo, kwa hiyo hakukataa.

Kumbe hori lenyewe ni jambo dogo! Mdomo, fungu la mchanga katikati, mkondo kulia, mkondo kushoto, basi. Ila mchoraji alikuwa mwoga. Kila mahali kaandika pima, pima, utadhani fundi cherehani. Mkondo wa kulia: Pima 6. Wa kushoto: Pima 1.

Nikaelewa papo hapo. Kulia ni hatari, lazima upime mara sita. Kushoto ni salama, ukipima mara moja unajipitia zako. Na Kimya hupita kulia, miaka yote hiyo! Nilicheka peke yangu hadi mama mkwe akagonga ukuta.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ameshauri nimuulize kaka yake kuhusu mikondo. Mama mkwe akadakia kwamba kuuliza si ujinga. Nikawaambia anayeuliza anatoa siri zake. Kisha nikamwagiza mke aanze kufunga vyombo, nikamuaga mama mkwe rasmi, kwa heshima zote. Akasema haya, lakini ufunguo nisiurudishe kwanza. Mama huyu ana roho ya korosho.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa na mchanga masikioni.

Kimya alianza. Akapita kulia, hakupima hata mara moja. Mzembe! Akafika gatini salama, bahati tu.

Zamu yangu. Maji yanapwa. Nikaamuru kushoto. Baharia akanitazama, akamtazama meneja. Nikashika ufito, nikapima mara moja, kama ilivyoagizwa. Ufito ukagota chini upesi sana. Nikatangaza kwamba tumeshapima, twende.

Tukaenda hatua ishirini. Tagi ikakohoa, ikakwama, maji yakazidi kupwa, ikalala ubavu. Meneja alikuwa na suti na mkutano. Vyote viwili vikaharibika. Tulikaa hapo saa saba tukisubiri maji yajae, na kwa saa zote hizo hakunitazama usoni.

Kimya alitufuata kwa miguu. Kwa miguu! Maji hayakumfika magotini. Nikamwonyesha ramani mbele ya watu ili aaibike. Akaisoma, akanishika bega, akasema maneno mengi kuliko aliyonipa tangu harusi yangu.

"Pima ni urefu, shemeji. Nyoosha mikono yote miwili, hiyo ndiyo pima moja. Hapa kina chake ni hicho tu, tena maji yakijaa."

Nikamuuliza mikono ya nani, maana watu hatulingani. Akanirudishia ramani, akaondoka kwa miguu vilevile.

Jumamosi, 8 Machi

Kimya amepewa kofia. Na nyumba. Nilijifariji: basi atamchukua mama yake, chumba cha mbele kitabaki kwetu. Mama mkwe amesema yeye hahami nyumba yake. Aliyehama ni mke wangu. Amechukua vile vyombo alivyofunga, amekwenda kwa kaka yake, eti kupumzika siku chache. Roho imeniuma, siwezi kuficha. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya ushindi! Mabaharia wameanza kuliita lile fungu Fungu la Karani. Kimya kapata nyumba, nyumba hubomoka. Mimi nimeingia katika jiografia!

Halafu meneja kaniondoa dirishani, kanipeleka stoo ya ramani, mahali ambapo, kwa maneno yake, sitamdhuru mtu. Amenipandisha cheo bila makelele. Mke akisikia atarudi mwenyewe.

Nimeshaanza kazi. Ile hadithi ya mikono Kimya aliitunga ili anishinde, hilo liko wazi. Kosa la mchoraji ni kwamba alidharau kushoto: pima moja haitoshi, nimeshuhudia mwenyewe. Kesho meli tatu ngeni zinakuja kuchukua ramani. Nimekesha nikizirekebisha zote. Kwenye fungu langu nimefuta 1, nimeandika kwa wino mwekundu: Pima 20.