Bangili ya Mama Anastazia na A ya Mkuu

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimerudi nao nyumbani kwa sababu sikuwa na pengine pa kuupeleka.

Naanzia mwanzo ili mnielewe. (Si ili mnihurumie. Labda kidogo tu.)

Wengine humu mnanijua kwa picha za hereni ninazoweka. Kwa wasionijua, mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye ofisi moja hapa Mwanga, Kigoma. Kwetu ni Korogwe. Nililetwa huku kikazi miaka miwili iliyopita. Sina ndugu huku, sina mke, nimepanga chumba Ujiji. Ofisini nakaa masijala, chumba cha mwisho kwenye korido, mimi na mafaili. Mtu akiingia ujue anatafuta jalada. Akilipata, anaondoka.

Jioni nikitoka kazini natengeneza mapambo. Nilianza kwa kupoteza muda tu. Vizibo vya soda navivika vipande vya vitenge ninavyopewa na mafundi cherehani wa sokoni, vinakuwa hereni. Kalenda za mwaka jana nazikata vipande vyembamba na kuvisokota, zinakuwa shanga. Waya za chaja zilizoharibika nazisuka bangili. Gharama yake ni gundi na lastiki. Mpaka leo nina jozi arobaini za hereni kwenye ndoo ya rangi, na sina hata sikio moja la kulivisha. (Langu nililijaribu. Halikupendeza.)

Mtu pekee aliyekuwa akiingia masijala bila kutafuta jalada ni Mama Anastazia, katibu muhtasi wa Mkuu wetu. Ni mama wa Kiha, mzaliwa wa Kalinzi kule juu milimani. Kila asubuhi anasukuma mlango, ananisalimia, "Mwakeye, mwanangu," ananisubiri nijibu kwa Kiha changu kibovu, anacheka, anaenda zake. Siku nyingine ananiachia ndizi mbili, siku nyingine kahawa ya kwao kwenye kikopo. Ni dakika mbili tu. Lakini kuna siku hizo dakika mbili ndizo maongezi yangu yote, ukiondoa "chenji yako hii".

Sasa Mama Anastazia amestaafu. Leo ndiyo tulikuwa tunamuaga.

Nikaamua kumtengenezea bangili ya jina lake. Stoo ya ofisi imejaa kibodi mbovu za kompyuta, na mwenye stoo alisharuhusu nizichukue nipendavyo. Kitufe cha kibodi ukikitoboa ubavuni kwa sindano ya moto, ukapitisha lastiki, ukakipanga na shanga mbili huku na mbili huku, ni kitu cha kuvaa kanisani bila wasiwasi.

Tatizo lilikuwa jina lenyewe. Hesabuni A zilizomo kwenye Anastazia. Nne. Kibodi moja ina A moja, na kwa Kiswahili chetu A ndiyo inayopigwa zaidi kuliko herufi zote. Kibodi za stoo karibu zote A ilikuwa imefutika, kimebaki kitufe cheusi kitupu. Q zilikuwa mpya kabisa. Ningekuwa namuaga mtu mwenye Q nne, ningemaliza kabla ya chai.

A ya kwanza niliipata kwenye kibodi iliyomwagikiwa maji ikiwa bado mpya. Ya pili niliing'oa kwenye kibodi yangu mwenyewe. Ya tatu nilipewa na fundi kompyuta wa pale sokoni, baada ya kumsimulia habari zote za Mama Anastazia (nadhani alinipa ili niondoke). Ya nne haikupatikana. Jana jioni nilikuwa na bangili iliyosomeka ANASTAZI, kama vile nimechoka nikaacha njiani.

Leo asubuhi nikawahi ofisini. Nikapeleka jalada mezani kwa Mkuu, yeye hajafika. Na pale mezani pana kibodi yake. Aliletewa na mwanawe kutoka Dar, nyeusi, herufi zake nyekundu. Kwa kuwa barua zake zote huchapwa na Mama Anastazia, ile kibodi inang'aa kama imetoka dukani jana. Nikaitazama A yake. Nyekundu, imekolea, haina hata mkwaruzo.

Sikufikiri. Mfukoni nilikuwa na kitufe kimoja kitupu cha stoo. (Msiniulize kilifikaje mfukoni. Haya, nilifikiri.) Nikaingiza ncha ya ufunguo, nikabetua, A ikaruka, nikapachika kile kitupu mahali pake. Kilikaa vizuri. Kama kinabonyezeka au hakibonyezeki sikujaribu, maana nilisikia viatu kwenye korido. Nikatoka na A ya Mkuu kiganjani, nikamwamkia mwenyewe mlangoni, akaitikia marahaba bila kuniangalia.

Nikajipa moyo kwamba Mkuu hachapi. Jumatatu ningetafuta nyingine, ningeirudisha, na hakuna ambaye angejua.

Saa nne bangili ikakamilika. Nikaiweka kwenye kiboksi cha pini nilichokuwa nimekivika kitenge. Saa tano napita kwenye korido, nasikia ndani kwa Mkuu tok, tok, tok. Anachapa kwa kidole kimoja. Zuhura wa uhasibu, ambaye ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa leo, alikuwa anawaambia wenzake kuwa Mkuu anaandika hotuba mwenyewe, kwani haiwezekani Mama Anastazia achape hotuba ya kuagwa kwake. (Mimi sikuambiwa. Nilisikia kwa sababu nilikuwa napita.)

Nikasimama mlangoni kwake. Ningeweza kugonga mlango na kusema ukweli. Badala yake nikarudi masijala, nikafunga mlango, nikaanza kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Saa nane tukakusanyika ukumbi wa mikutano. Migebuka ya ziwani ya kukaanga, ugali wa muhogo, soda, keki. Tulikuwa watu kama ishirini na watano. Nikakaa nyuma karibu na mlango, na viti viwili vya pembeni yangu vikabaki vitupu kama kawaida. Mama Anastazia alikaa mbele na wanawe wawili, kitenge kipya, nywele zimesukwa.

Mkuu akasimama, akavaa miwani, akafungua karatasi. Alikuwa amechapa huku macho yake yako kwenye vitufe mwanzo mpaka mwisho, kila penye A akigonga kile kitupu akidhani herufi imefutika tu, akaitoa kwenye printa na kuikunja bila kuisoma.

"Ndugu wfny..." Akakohoa. Akarudia. "Ndugu wfnykzi wenzngu."

Akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu.

"Leo tunmug mm yetu, Nstzi."

Aliyekaa jirani na Zuhura akanong'ona kwamba pengine ni Kiha cha zamani. Dereva wa ofisi akainama chini ya meza kana kwamba amedondosha kitu, mabega yanamtikisika. Mama Anastazia mwenyewe alitabasamu kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Mkuu akaikunja karatasi, akasema mitambo ya siku hizi haina adabu, kisha akazungumza kutoka kichwani. Akasema miaka yote aliyofanya kazi na huyu mama hajawahi kumsikia akimfokea mtu, na kwamba yeye akisafiri, ofisi haitetereki. Mama huyu akiugua siku moja, hakuna anayejua kitu kiko wapi. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko ile ya kwenye karatasi. Nikapumua. Nikaona yamepita.

(Hayakuwa yamepita. Yalikuwa yanatafuta kiti cha kukaa.)

Zikaja zawadi. Kiboksi changu nilikuwa nimekichanganya na vingine mezani, bila jina. Zuhura akawa anafungua moja moja na kuwaonyesha watu. Vitenge. Sufuria. Blanketi. Akafika kwenye changu.

Akaitoa bangili, akaisoma kwa sauti: Anastazia. Mama akanyoosha mkono, akavishwa, akaigusa herufi kwa herufi kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Wanawake wakaomba waione, akaivua, ikaanza kupita mkono kwa mkono. Mmoja akasema kitu kama kile hajakiona hata sokoni. Mwingine akataka kujua kama anaweza kupata ya jina la mwanawe. Zuhura akauliza kwenye kipaza sauti ni nani aliyeitengeneza.

Hapa mtu mwenye akili angekaa kimya, ale mgebuka wake, aende nyumbani.

Lakini miaka miwili hakuna mtu wa ofisi ile, ukimtoa Mama Anastazia, aliyewahi kuniuliza kitu kisicho na namba ya jalada. Mkono ukainuka wenyewe. Nikasimama kabisa. Nikasema ni mimi, na kwamba hata hereni natengeneza, na kwamba ninazo jozi arobaini. (Nani aliniuliza habari za hereni?)

Watu wakageuka. Wakapiga makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Na wakati huohuo bangili ikafika kwa Mkuu.

Akavaa miwani tena. Akaizungusha polepole. Vitufe vinane vyenye herufi nyeupe. Kimoja, cha mwisho, chenye herufi nyekundu.

Akamwita dereva, akamnong'oneza. Dereva akatoka, akarudi ameibeba kibodi kwa mikono miwili, waya wake unaburuta sakafuni. Mkuu akaiweka mezani karibu na keki, akailaza bangili pembeni yake. Akakibonyeza kile kitufe kitupu. Hakikuingia.

"Hii A ni yangu," akasema.

Vicheko vikaanzia kwa dereva vikasambaa. Mkuu akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kitu usoni kwangu, na hakukipata.

"Wewe bwana, unaitwa nani?"

"Mbwana, Mkuu."

"Ndiyo, bwana. Jina lako."

"Mbwana."

"Nakuuliza jina, bwana."

"Ndilo hilo, Mkuu. Mbwana."

Ukumbi ukapasuka. Zuhura akaweka kipaza sauti chini ili acheke vizuri. Hata wanawe Mama Anastazia, ambao ni watu wazima wenye heshima zao, walicheka mpaka machozi. Na mimi nimesimama pale, ndipo nikaelewa jambo moja. Miaka yote miwili nikisikia kwenye korido "habari, bwana", "naomba jalada, bwana", nilikuwa nafurahi moyoni kwamba wameshika jina langu. Kumbe walikuwa wanasema bwana tu, kama unavyomwita mtu yeyote uliyekutana naye njiani.

Hilo ndilo lililonichoma. Habari ya A ilikuwa aibu tu.

Mama Anastazia akainuka. Akaenda mezani bila haraka, akaichukua bangili, akaivaa, akaweka mkono nyuma.

"Mkuu, anaitwa Mbwana Salehe," akasema. "Kwao Korogwe. Mama yake ni Mwanaidi, anasumbuliwa na magoti. Mwenyewe pilipili hali. Na hii simrudishii mtu."

Vicheko vikaisha. Nikatazama sakafu, maana macho yangu yalikuwa yameanza mambo yao. Sikujua kama alikuwa anayakumbuka yale. Nilimwambia vipandevipande, mlangoni, katika zile dakika mbili.

Mkuu akakuna kidevu. Akasema haya, A mama abaki nayo, ila Jumatatu nimpelekee kibodi inayochapa herufi zote, na nijue kwamba ile hotuba ilimchukua saa nzima. Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Nilipotaka kuomba mara ya tatu, akanikatiza.

"Kaa chini, Mbwana." Na ile M aliitamka.

Saa kumi wanawe Mama Anastazia wakapakia zawadi kwenye gari kwa safari ya Kalinzi. Nikawasaidia kubeba sufuria. Mama akanishika mkono dirishani, akaniuliza sasa asubuhi nani atakuwa ananisalimia. Nikamwambia asijali, nitazoea. Akaniambia nisizoee. Gari likaondoka.

Nikabaki napanga viti. Zuhura akapita na mkoba wake, akasema kwaheri, Mbwana. Dereva akasema Mbwana, Jumatatu nikikuta usukani haupo nitajua pa kuuliza. Mlinzi wa getini, ambaye sijawahi kumwona akiinua kichwa nikipita, leo kakiinua, akataka kujua kama mimi ndiye yule Mbwana wa A.

Sasa nimefika Ujiji, nimekaa kizingitini kwangu, chai inapoa. Jirani wa chumba cha pili amesafiri. Nimeanza kuandika maana sina wa kumsimulia.

Funzo nililolipata ni kwamba kuwahi kazini miaka miwili, kusalimia watu na kutopoteza jalada hata moja hakukunipa jina. Nimeiba herufi moja tu, na kufika jioni ofisi nzima inanijua.

Tafadhali msinicheke. Au basi chekeni, ila mcheke kwa sauti, maana huku kwangu kimya kimezidi.