Kuhusu Mahojiano Yangu Sita ya Kazi Moja

Kwa Mkuu wa Utumishi,
Ghorofa ya Pili, mlango unaofunguliwa kwa bega.

Ndugu Mkuu wa Utumishi,

KUH: KUTHIBITISHWA KAZINI KAMA KARANI WA MASJALA BAADA YA KUSAILIWA MARA SITA

Kuna sauti moja ambayo haijaniondoka tangu mwaka jana. Ni sauti ya kifuniko cha kalamu kinaporudishwa mahali pake. Mwenyekiti wa jopo lako alikifunga nikiwa katikati ya sentensi, nikieleza jinsi jalada linavyoweza kupotea ndani ya chumba bila kutoka chumbani. Haikuwa sauti kubwa. Wajumbe wengine hawakuisikia, au walikuwa wameshaizoea. Nilimalizia sentensi yangu kwa adabu, nikashukuru, nikatoka, na tangu siku hiyo nikisikia mtu anafunga kalamu, hata benki, hata posta, huwa nanyamaza.

Sikuandikii kwa ajili ya kalamu. Nakuandikia kwa sababu ofisi yako imenisaili mara sita, kwa nafasi ileile moja, katika muda wa miezi kumi na minne, na naona sasa tumefikia hatua ya kuambiana ukweli.

Nieleze kwanza hali yangu, usije ukadhani nalalamika kwa kukosa shughuli. Nina shahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Naishi kwa shangazi yangu, katika chumba cha mwanawe, ambaye anarudi mwisho wa mwezi huu pamoja na mke wake. Nikipata kazi, nitapanga chumba changu mwenyewe. Nisipopata, nitahamia mji mwingine kwa mjomba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nisimame nyuma ya kaunta nikipima misumari. Mjomba ni mtu mwema na misumari haijanikosea. Ila mimi nataka masjala. Nimeitaka tangu utotoni, nilipopanga kadi za chanjo za familia nzima kwa tarehe, bila kutumwa na mtu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Akidi. Utaratibu wenu unasema usaili ni halali pale tu jopo linapokuwa na wajumbe watano tangu mwanzo hadi mwisho. Sina ugomvi na utaratibu, naupenda. Lakini usaili wangu wa kwanza ulifutwa kwa sababu mjumbe wa tano alitoka kwenda kumeza dawa akakutana na rafiki yake kwenye ngazi. Wa pili ulifutwa kwa sababu mjumbe huyo alisinzia, na mwanasheria wenu akatoa maoni kwamba mjumbe aliyelala ni sawa na asiyekuwepo. Wa tatu mjumbe alikuwa macho kabisa, ila baadaye ikagundulika ni wa jopo la madereva, aliyeingia chumba kisicho chake akaona haya kuondoka. Ndiye aliyeniuliza kama nina leseni. Wa nne na wa tano sitauzungumzia, kwa kuwa mhusika yuko kwenye likizo ya ugonjwa na namwombea afya.

2. Uzoefu. Tangazo linataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu, na kila mara naambiwa sina hata wa siku moja. Naomba hili litazamwe upya. Katika jengo lenu najua bomba lipi linafunguka kinyumenyume na kiti kipi cha koridoni hakifai kukaliwa na mtu mwenye sketi. Mlinzi wa getini haandiki tena jina langu kwenye daftari la wageni, anaandika "yuleyule". Mpiga chapa wenu alipostaafu, nilipitishiwa kadi ya kumuaga nikiwa nimekaa kwenye benchi la waombaji. Aliyeileta aliniambia, "Andika na wewe, si unamfahamu?" Nilikuwa namfahamu. Nikaandika mistari minne. Mtu anayewaaga wastaafu wa ofisi hawezi kuwa mgeni wa ofisi.

3. Swali la udhaifu. Kila usaili nimeulizwa udhaifu wangu mkubwa ni upi. Niliona kurudia jibu lilelile mbele ya watu walewale ni utovu wa adabu, kwa hiyo kila mara nilikuja na jipya. Matokeo yake, faili langu lina madhaifu matano, yote ya kweli, na sifa moja tu, isemayo "anawahi". Udhaifu wa tano sikuwa nimewahi kumwambia hata mama yangu. Nilimwambia mwenyekiti, akauliza herufi zake za mwanzo ili auandike kwa kifupi. Naomba, bila kujali uamuzi wenu kuhusu mengine, nirudishiwe angalau wa nne na wa tano.

4. Miaka mitano ijayo. Katika usaili wa kwanza niliulizwa ninajiona wapi baada ya miaka mitano. Nilisema ninajiona msimamizi wa masjala. Sasa imebaki miaka mitatu na miezi kumi, na bado sijapewa ufunguo wa kabati la kwanza. Ucheleweshaji huu haukutoka kwangu. Kwa hesabu ya haki, hivi leo ninapaswa kuwa nimeshavuka ngazi ya chini, hivyo ninapoomba ukarani wa kawaida nakuwa tayari nimewapunguzia.

5. Nyumbani. Shangazi amewaambia majirani kwamba nafanya kazi kwenu, maana kila wakiniona natoka na bahasha na sketi nyeusi, hana maelezo mengine ya kuwapa. Baada ya usaili wa tano aliniita jikoni. Akaniambia, "Hebu nieleze mwanangu, hao watu wanakuajiri au wanakuchumbia? Maana hata mposaji akija mara tano bila kusema neno, tunamwondolea kiti." Nikamjibu kuwa tatizo ni akidi. Akasema, "Basi mwambie huyo Akidi aje nimwone." Hata mimi ningependa kumwona.

6. Siku ya sita. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, naomba unisome taratibu. Siku hiyo mjumbe wa tano hakutokea kabisa. Katibu wa jopo alitoka koridoni, uso umemshuka, akauliza, "Jamani, kuna mtu yeyote hapa anayeyajua maswali yetu?" Benchi zima likanigeukia. Kijana mmoja akasema, "Si dada huyu hapa, anayajua mpaka na kikohozi cha mwenyekiti." Kumbe utaratibu unaruhusu kiti cha tano kikaliwe na mtu yeyote anayefahamu usaili wenu. Nikaingizwa ndani, nikapewa kiti chenye mto, chupa ya maji na karatasi za alama. Nikawasaili watu kumi na mmoja kwa nafasi ninayoiomba mimi.

Ilipofika zamu ya mwombaji namba saba, katibu aliita jina langu koridoni mara tatu. Nikasema, "Nipo." Mwenyekiti akanigeukia kwa upole akasema, "Mjumbe, mwache mwombaji ajibu mwenyewe." Tukasubiri dakika tano, kama utaratibu unavyotaka. Kisha ikaandikwa kuwa sikufika, na mimi nikaweka sahihi kama shahidi.

Hao kumi na mmoja walikuwa watu wazuri wa kawaida. Sikuona aliyenizidi.

7. Kimya. Ni wiki tatu sasa tangu siku hiyo. Akidi ilitimia, alama zilijumlishwa, na kila mwombaji aliondoka na ahadi ya kupigiwa simu. Hakuna aliyepigiwa. Mimi najua maana yake. Najua kuingia bafuni na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Najua kumpigia rafiki na kumwomba anipigie, nihakikishe kama simu inaita. Kumwacha mtu mzima katika hali hiyo wiki tatu ni ukatili, na anayeufanya, awe nani, ofisi inapaswa kumtaja na kumwajibisha.

Kwa hoja hizo, naomba nithibitishwe kuwa Karani wa Masjala kuanzia Jumatatu ijayo, bila usaili wa saba. Kama mlinikubali kuwapima makarani, basi nafaa kuwa karani. Na kama sikufaa kuwapima, basi akidi haikutimia, usaili wa sita ni batili, na wa kwanza kwenye foleni ni yule aliyesailiwa mara nyingi kuliko wote. Nimeitazama hoja hii kutoka kila upande, na kila upande nimejikuta mimi.

Nifikishie salamu kwa mlinzi wa getini, kwa mama wa chai, kwa katibu wa jopo na kwa mwanasheria. Kwa mjumbe mgonjwa, mwambie asiharakishe. Na kwa yule wa jopo la madereva, mwambie leseni bado sina.

Nabaki mwenye subira kwa kipimo mlichonizoesha,

Mwombaji Namba Saba,
ambaye pia ni Mjumbe wa Tano.

Tanbihi: Nimeisoma barua hii mara mbili kabla ya kuifunga, na kuna mambo mawili siwezi kuyaacha yalivyo.

Katika namba sita nimesema sikuona aliyenizidi. Yupo. Ni mwombaji namba tisa, mama wa makamo aliyetunza kadi za wagonjwa katika zahanati kwa miaka kumi na miwili, huku akishikilia nafasi ya mtu ambaye hakuajiriwa kamwe. Nilimuuliza, jalada likipotea, angeanza kulitafuta wapi. Akasema, "Kwenye meza ya mkubwa, mwanangu, chini ya gazeti." Mimi swali hilo nimelijibu mara tano, kila mara kwa dakika nne, na katika majibu yote hayo jalada halikupatikana. Nilimpa alama arobaini na nane kwa hamsini. Wenzangu wanne nao walimweka wa kwanza.

La pili ni hoja namba saba. Kifungu cha mwisho cha utaratibu wenu kinasema anayewapigia simu waombaji ni mjumbe wa tano. Orodha ya namba zao za simu nilikabidhiwa siku ileile, na kwa wiki tatu imekuwa ndani ya bahasha yangu. Sikupiga kwa sababu niliona kwamba maadamu hakuna aliyeambiwa, nafasi bado iko wazi, na ikiwa wazi inaweza kuwa yangu. Mtu niliyetaka ofisi imwajibishe ni mimi. Barua naituma hivyohivyo, maana hoja namba moja hadi tano bado ni za kweli.

Jana mchana nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya shangazi nikawapigia wote. Kumi niliwaambia hawakupata, na kila mmoja nikampa sababu. Wawili walinishukuru, mmoja alinitukana, na alikuwa na haki. Namba tisa nilimwambia amepata, aripoti Jumatatu saa mbili asubuhi. Akauliza, "Mna uhakika? Maana nikiacha huku, sirudi." Nikamwambia jopo lilikuwa na watu watano na sisi sote tumekubaliana. Leo asubuhi ameshakabidhi funguo za zahanati na kuwaaga wenzake, kwa hiyo ile hoja yangu kwamba usaili wa sita ni batili, naomba usiikubali.