Kithiripi Mwenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa mtu mashuhuri, ila watu bado hawajaambiwa. Kwenye maharage ya Shangazi, ndani ya kitalu nyumba, nimeona kithiripi wa ajabu, kidudu kidogo mno. Mwembamba kama kipande cha uzi, mbawa zina mistari. Vithiripi wa kawaida hufyonza majani, huyu hayagusi! Anakula utitiri, vile vidudu vyekundu vinavyofyonza maharage. Binamu yangu Miwani (kasoma chuo, basi nyumba nzima hatupumui) kasema wa aina hiyo wapo tele, tumsubiri mtaalamu wa wadudu Ijumaa. Wivu huo! Shangazi katangaza: anayewajua wadudu kweli atasimamia kitalu, mwingine ataosha trei za miche. Maskini Miwani, atachubuka vidole. Mdudu wangu atapewa jina langu.

Jumanne, 4 Machi
Ushahidi uwe mwingi, na Miwani asipate hata mmoja. Nimewazoa vithiripi wote kwa brashi, jani kwa jani, nikawafungia kwenye chupa moja. Shangazi akauliza watakula nini humo. Nikamwambia sisi wataalamu hatulishi, tunachunguza. Akasema haya baba, akanitazama kama anavyotazama bomba linalovuja.

Jumatano, 5 Machi
Chupani kabaki mmoja. Mnene! Nimemuuliza wenzake wako wapi, kajipangusa mdomo tu. Nikamgeuzageuza kwa brashi chini ya hadubini ya Miwani (nimeiazima bila kumsumbua mwenyewe). Kipapasio cha kulia, kile kinachochomoza kichwani, kina pingili sita! Miwani alishasema aina hii huwa na tisa. Basi ni aina mpya.

Alhamisi, 6 Machi
Maharage yanageuka manjano. Jua kali, nadhani. Miwani analia eti utitiri umezidi. Nikamwambia asinipigie kelele, nafanya mazoezi ya saini.

Ijumaa, 7 Machi
Mtaalamu kaja. Kachungulia hadubini weee! Nikakohoa kwa unyenyekevu. Akauliza kama nilihesabu na kipapasio cha kushoto. Nikajibu ukishahesabu kimoja, cha pili ni kupoteza muda. Kumbe kushoto zipo tisa. Akachukua brashi yangu, akanionyesha pingili tatu zilizokatika, zimenasa kwenye nywele za brashi. Akanipongeza: kijana, umegundua mdudu mpya upande wa kulia tu. Miwani kacheka hadi miwani ikadondoka.
Kisha mtaalamu akaingia kitaluni. Utando wa utitiri kila jani, maharage hoi. Akauliza walinzi wa maharage haya wamekwenda wapi. Wote wakageuka kuitazama chupa yangu. Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka! Alinikabidhi sponji tu.

Jumamosi, 8 Machi
Trei, trei, trei. Miwani kapita na ufunguo wa kitalu shingoni, ananiita profesa. Acheke tu! Kwenye trei niliyokuwa naisugua kwa nguvu nimeona kithiripi. Nimemhesabu miguu mara mbili, maana sasa nina uzoefu. Mitano! Wadudu wote wana sita, huyu ana mitano!
Nimemficha kwenye chupa. Nimemtilia na wenzake niliowaokota kwenye trei, asiwe mpweke.