Breki Zangu Zinashika Kupita Kiasi

Jumatatu, 8 Januari
Ndiyo, Mama Lempi, breki zipo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu leo, bila kupepesa macho. Na kweli zipo. Kama zinafanya kazi, hakuuliza.

Mama Lempi ndiye mkuu wa kina mama wa kanisa wanaooka pai za nyama na viazi. Kila Jumamosi pai hupelekwa kwa wazee ng'ambo ya mlima. Dereva wa zamani kachoka. Kazi tunaitaka wawili: mimi na jirani yangu Kangas, mwenye pikapu mpya na kiburi cha zamani. Jumamosi mama anakuja kukagua magari. Nikikosa, majira yote ya baridi nitashinda nyumbani, mke wangu Aili akinitazama.

Wakati wa kurudi nyumbani, pedali ya breki ikazama hadi sakafuni. Nikasimama kwa msaada wa rundo la theluji. Kangas kaona. Kaniuliza tangu lini naegesha gari kwa pua.

Jumanne, 9 Januari
Kikopo cha mafuta ya breki kikavu. Nimejaza. Pedali ngumu kama jiwe. Fundi huzaliwa!

Mchana kikavu tena. Aili kanionyesha doa la njano kwenye theluji, nyuma ya gurudumu. Nikamsingizia mbwa wa Kangas. Aili kasema mbwa wa Kangas hakojoi mafuta.

Alhamisi, 11 Januari
Nimeingia uvunguni. Kumbe chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu imelila bomba la breki. Nimeligusa tu, likavunjika kama biskuti.

Nimefunga jipya. Ikabaki kutoa upepo ulioingia bombani. Aili juu, anakanyaga pedali. Mimi chini, nafungua nati. Nikisema shikilia, anaachia. Nikisema achia, anashikilia. Mafuta yameniingia sikioni. Kasema kama nataka kuamrisha watu niende jeshini.

Lakini zimeshika! Nimezijaribu uani mara kadhaa. Gari kuukuu, linasimama kama askari.

Ijumaa, 12 Januari
Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nina akili zaidi.

Gari limejaa matope ya chumvi, na Mama Lempi ana jicho. Sauna yetu, chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, ilikuwa imeshawashwa, maji yanachemka. Nimechota ndoo kwa ndoo, nikaosha magurudumu na uvungu wote. Linang'aa! Nikaliegesha kwenye mteremko, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili.

Kangas kapita, kasema huku kwetu hata mtoto wa chekechea havuti hendibreki gari likiwa limelowa kwenye baridi hii. Wivu huo.

Jumamosi, 13 Januari
Limeganda. Maji yamegeuka barafu ndani ya breki usiku. Magurudumu ya nyuma hayazunguki hata kidogo.

Mama Lempi kafika na masanduku ya pai za moto. Nikamwambia gari linapumzika. Kangas, kwa moyo wake mwema wa kutaka kunicheka, kafunga mnyororo na kulivuta. Gari langu kimya. Pikapu yake ikateleza, ikazama kwenye theluji hadi milangoni.

Sasa hatuna gari hata moja, na pai zinapoa.

Aili kavaa glavu. Kaingia sauna, kachota yale mawe ya moto kwenye ndoo za chuma, kaziweka kando ya magurudumu. Tukasubiri. Barafu ikaanza kudondoka. Gari likashtuka, likasogea.

Nikajiweka sawa, nikasema, "Umeona, Mama Lempi? Breki kama hizi hutazipata popote."

Mama kanitazama kwa huruma. "Waino, mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye barafu. Kazi nampa Aili. Wewe utaendesha, akikuruhusu."

Tumevuka mlima. Kwenye mteremko breki zimeshika vizuri kabisa. Wazee wamekula pai zikiwa bado na joto. Aili kakaa mbele, kanielekeza njia nzima.

Jumapili, 14 Januari
Sikulala kwa kuwaza. Pikapu mpya imelivuta gari langu, ikashindwa. Mwizi ataliweza?

Basi wewe unayesoma hapa, nina biashara. Niletee gari lako jioni. Naliosha kwa maji ya sauna, navuta hendibreki, unalala usingizi wa pono. Asubuhi utalikuta palepale, naapa. Kulilinda ni bure. Ukitaka liondoke, ongea na Aili.