Nyota Tano za Hama Kwa Raha

Jumatatu, 18 Agosti 2014

Leo kampuni imezaliwa! Hama Kwa Raha International. Tunahamisha vyombo vya nyumbani Brussels nzima, Ulaya nzima na, kwa makubaliano maalumu, dunia nzima. Gari bado sina. Wabebaji bado sina. Nembo ninayo: twiga kabeba kabati. Nimeichora mwenyewe kwa siku nne.

Kwenye mtandao wa wataalamu nimejiandika Mwanzilishi, Mwenyekiti na Mkurugenzi Mtendaji. Hadi saa sita mchana nilikuwa na marafiki wa kikazi wanane. Hadi saa kumi, mia moja na kumi na wanne. Mmoja ni daktari wa meno wa Peru. Huwezi jua, na yeye anaweza kuhama.

Adelina akarudi kutoka zamu yake ya hospitalini kule Woluwe, miguu imevimba. Nikamwonyesha twiga. Akasema mzuri. Kisha akaniambia jambo lake kwa sauti ya chini, na mke wangu akishusha sauti ndipo ninapoogopa. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi. Masomo yanaanza tarehe 15 Septemba. Akisoma lazima aache zamu za wikendi, na zamu za wikendi ndizo zinazotulisha. Kwa hiyo niwe na kazi ya kueleweka kabla mwezi huu haujaisha. Nisipokuwa nayo, nafasi anairudisha. Ameisubiri miaka mitatu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ana mume. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Halafu nikamwongezea twiga kivuli.

Jumatano, 20 Agosti

Mteja!!! Anaitwa Pamela, Mkenya, mumewe yuko kwenye shirika la kimataifa. Wanahama tarehe 30 kwenda nyumba yenye bustani huko Uccle. Kuna zaidi: yeye ndiye anayepokea familia zote mpya za ofisi ya mumewe. Akiridhika, wote atanipa mimi. Mwaka mzima!

Ameomba kitu kimoja tu, maoni ya wateja wa zamani kwenye ukurasa wa kampuni. Wateja wa zamani sina. Wala wapya. Nikatembea sebuleni mara kumi na mbili, jibu likaja: ukoo! Nimeandika kwenye kundi letu la simu, watu thelathini na saba kuanzia Muleba hadi Dar. Kila mmoja aingie kwenye ukurasa, aweke nyota tano, aandike neno lolote zuri. Damu nzito kuliko maji.

Kwenye duka la unga hapa Berchem nikakutana na Constant Kalenga. Mtu wa Lubumbashi, naye anahamisha vyombo. Ana gari moja kuukuu na lifti ya nje, ile ya kupandisha vyombo hadi dirishani. Tovuti hana. Barua pepe hana. Namba ya simu ameiandika mlangoni mwa gari kwa brashi! Akaniuliza kampuni yangu inabeba vyombo kwa kutumia nini. Nikamweleza habari za kuonekana mtandaoni, kwa upole, maana kumcheka mtu si vizuri. Akasema, "Bon, directeur, internet haibebake frigo. Bantu ndio banabebaka." Eti mtandao haubebi friji, watu ndio hubeba. Maskini.

Ijumaa, 22 Agosti

Nyota zinamiminika! Hadi saa nne asubuhi maoni kumi na tisa, yote nyota tano. Nikampelekea Pamela anwani ya ukurasa na maneno mafupi ya kikurugenzi: jionee mwenyewe.

Kisha nikaketi nisome. Mama yangu!

Nilisahau jambo moja. Kwetu huwezi kumwandikia mtu bila kumsalimia, na ukishamsalimia huwezi kuacha kumweleza shida. Binamu Sebastian: "Nyota tano. Shikamoo kaka. Huku wazima isipokuwa ng'ombe. Kampuni nzuri. Ile simu uliyoniahidi imefikia wapi?" Shemeji yangu amenipa pole kwa kufukuzwa kazi hotelini, Mungu atafungua mlango mwingine. Na Shangazi Kokugonza, miaka sabini na minne, kaandikiwa na katekista: "Nyota tano. Barnaba mwanangu, tunasikia unabeba makabati ya Wazungu. Na mgongo ule? Daktari si alikukataza hata ndoo ya maji? Acha mara moja! Kabati la mtu lisikuue. Msalimie Adelina, mwambie asikuchoke."

Nimejaribu kuyafuta. Ukurasa haukubali, maoni ni mali ya mwandishi. Nikaomba kwenye kundi kwamba shangazi ayaondoe. Kosa! Wakaelewa kuwa mgongo umezidi na nawaficha.

Jumapili, 24 Agosti

Maoni arobaini na sita, maana ukoo umewaita na majirani. Mchungaji naye ameandika, Zaburi nzima. Wastani wangu ni nyota tano kamili, na hakuna mhamishaji Brussels hii mwenye wastani kama huo. Yote yanahusu mgongo.

Najipa moyo. Pamela ni mtu wa shughuli nyingi, atahesabu nyota tu.

Jumatano, 27 Agosti

Pamela alisoma yote. Mkenya, anajua Kiswahili, kwa nini asisome? Alipiga mwenyewe, akacheka hadi akaomba radhi. Akasema pole sana for the back, kwamba amemsomea mama yake kwa simu, na mama yake kule Eldoret ananiombea. Lakini ana piano. Nikasema piano ni kitu kidogo. Akasema hawezi kulala na roho ya mtu mikononi mwake. Kazi amempa bwana mmoja aliyemwona akishusha vyombo kwa jirani. Namba aliisoma mlangoni mwa gari.

Sikumwambia Adelina. Haikuhitajika, shangazi alishampigia kuhusu mgongo, naye akausoma ukurasa wote akaelewa hakuna mteja atakayekuja. Hakugomba. Laiti angegomba! Aliketi akaandika barua ya kurudisha nafasi, kwa ule mwandiko wake mzuri, akaibandika kwenye friji kwa sumaku. Ataipeleka posta Jumatatu. Kila nikienda kuchukua maziwa naiona. Nimeacha kunywa maziwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekwenda Uccle kuchunguza washindani. Utafiti wa soko, si wivu. Nikasimama nyuma ya ua wa majirani na daftari. Constant akaniona baada ya dakika mbili. Nimevaa tai nyekundu, labda ni hiyo.

Akaita, "Directeur, kuya huku!" Fundi wake wa lifti amekwenda Lubumbashi kuoa, na piano iko chini inasubiri. Nikamweleza kwa heshima kuhusu hali yangu. Akasema anaijua, Pamela alimsomea. "Mugongo yako iko mubaya, mais kidole iko bien. Donc utafinya bouton."

Nikafinya vitufe vya lifti. Kwa muda wa saa sita nzima! Kijani inapanda, nyekundu inasimama. Piano ilipaa hadi dirisha la ghorofa ya tatu bila kukwaruzwa, na Pamela akapiga makofi. Nitasema ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: miaka miwili sijaona siku tamu kama hii.

Jioni Constant akanipa kazi. Siku nne kwa wiki, kwa mkataba, miezi mitatu ya kwanza ya majaribio. Ana sharti moja tu, nisikose, maana lifti bila mtu ni chuma. Nikasema nitaliwasilisha kwa bodi. Nikampigia bodi. Adelina akaomba aongee na Constant mwenyewe. Wakamaliza wao wawili.

Nilipofika nyumbani barua ilikuwa vipande vipande kwenye pipa. Alinikumbatia taratibu, asije akaniumiza.

Ijumaa, 12 Septemba

Wiki mbili kazini. Sijachelewa hata siku moja. Constant ananisifu mbele za watu. Adelina amenunua madaftari manne na mkoba.

Kwenye mtandao wa wataalamu nimerekebisha cheo: Mkurugenzi wa Usafirishaji Wima. Pongezi hamsini na nane! Na leo, matunda. Nimealikwa kwenye Kongamano la Viongozi wa Usafirishaji, hoteli kubwa katikati ya jiji. Kuna chakula. Kuna beji yenye jina. Ni Jumatatu tarehe 15.

Jumatatu Constant ana kazi kwenye nyumba ya ghorofa tano. Jumatatu hiyohiyo Adelina anaanza masomo. Ana hofu kama mtoto wa darasa la kwanza, akaniomba nimsindikize hadi getini tu. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nimepanga. Constant nimemwambia siwezi kuja, lazima nimsindikize mke wangu shuleni. Akasema familia ni familia, atafinya mwenyewe. Adelina nimemwambia siwezi kumsindikiza, Constant amekataa kuniachia. Akasema kazi ni kazi, akanipigia pasi shati.

Kila mtu ameridhika. Huo ndio uongozi. Kongamano linaanza saa tatu asubuhi, na nitaweka picha mtandaoni kila nusu saa ili watu wote wajue niko wapi.