Singa za Guracha

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Kikao cha kikundi cha maziwa. Kiti changu cha plastiki kilikuwa na mguu uliopasuka. Siku ikaendelea hivyohivyo.

Daktari Christine, mtafiti kutoka chuo kimoja huko bara, alitueleza tena habari za vinasaba. Kwamba ng'ombe huzaliwa na siri ndani yake: ya maziwa mengi, ya kuvumilia jua, ya kutosumbuliwa na kupe. Nusu anapewa na mama, nusu anapewa na baba. Na siri hiyo husomeka kwenye mizizi ya singa, zile nywele ndefu za mkia. Aliniita Mzee Abdullahi kila aliponitazama. Nina miaka arobaini na nne!

Kisha likaja jambo lenyewe. Kila mwenye fahali alete singa zake kwenye bahasha. Fahali mmoja tu atachaguliwa kupanda ng'ombe wote wa kikundi. Waliobaki watahasiwa. Ati tulikubaliana mwezi uliopita. Ati hata mimi niliinua mkono. Niliinua, ndiyo, nilidhani wanauliza nani anataka chai.

Guracha ahasiwe! Guracha wangu! Jina lake kwa Kiorma ni mweusi tu, hatukujisumbua sana. Ng'ombe wa marehemu mama waliisha wote kwenye ukame wa 2017 isipokuwa yeye, ndama aliyelala mlangoni kwetu na kunywa uji wa binti yangu Sadia. Ukoo mzima wa ng'ombe wa mama umebaki ndani ya mnyama mmoja, maana mimi huhesabu ukoo kwa dume. Na mnyama mwenyewe, Mungu anisamehe, ni mfupi. Pembe moja inatazama Garsen, nyingine inatazama Kipini.

Kassim ana Adi. Mweupe, nundu kubwa, anatembea kama diwani. Kassim ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu Darmi. Leo alinishika bega akaniambia nisiwe na wasiwasi, Guracha naye si mbaya. Si mbaya! Sikuweza kula jioni.

Darmi anasema Guracha atashinda bila msaada wa mtu. Nimtazame binti yake, yule ng'ombe wa Darmi mwenye baka, anavyokamuliwa hata kiangazi. Nikamwambia maziwa ni mambo ya upande wa mama. Akaniuliza kama kikaoni nilikuwa nimelala.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepata mpango. Singa za Adi ziingie kwenye bahasha ya Guracha. Kassim atapeleka singa za Adi, mimi nitapeleka singa za Adi, fahali wetu watafungana. Wakifungana itabidi kura. Na kwenye kura mimi nina wajomba.

Saa ya swala ya Ijumaa zizi la Kassim halina mtu. Nilimwomba Mungu msamaha mapema, nikiwa njiani. Adi alinitazama. Nikamsifu kwa Kiorma, nikamsifu kwa Kiswahili. Gershom, afisa wa mifugo wa kikundi, alitufundisha vizuri: chukua singa chache, zungushia kidoleni, vuta mara moja. Hakutufundisha kwamba nyuma ya ng'ombe kuna miguu. Singa nilipata. Teke la paja pia nilipata. Nikakalia kinyesi kibichi na kanzu yangu ya Ijumaa.

Jioni akaja Kassim mwenyewe. Mbona hakuniona msikitini? Nikasema tumbo. Akanipa pole nyingi, akarudi kwake, na kabla ya Magharibi akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando ya kutuliza tumbo. Nimeyanywa yote. Matamu sana. Simpendi kabisa mtu huyu.

Jumamosi, 7 Septemba

Singa za Adi ni nyeupe! Guracha ni mweusi mpaka ncha ya mkia! Nimeligundua leo asubuhi, baada ya kulala usingizi mzuri wa mtu mwenye akili. Nilikaa juu ya ndoo nikataka kulia.

Halafu nikamkumbuka Ruwaida. Ni mtu wa Kipini, anauza hina, udi na piko pale sokoni Garsen. Piko, ile rangi nyeusi wanayochorwa maharusi. Nikapanda bodaboda. Ruwaida akauliza piko ya nani. Nikasema ya ndevu. Kosa! Alifurahi mno. Akasema piko nyingine huwasha, lazima aijaribu kwanza, hataki lawama za watu. Nikasema hakuna haja. Akasema keti kaka yangu, na aliposema keti tayari alikuwa ameshanipaka upande wa kushoto. Watu wakasimama kutazama. Mmoja akauliza bibi harusi anatoka wapi. Nikakimbia na ndevu za upande mmoja nyeusi, upande mwingine mvi.

Singa nimezipaka nyuma ya choo, kwa mswaki wa mti. Zimetoka nyeusi kuliko Guracha mwenyewe. Tangu Jumatatu sijacheka, leo nimecheka.

Jumapili, 8 Septemba

Habari za ndevu zilifika nyumbani kabla ya ndevu zenyewe. Darmi anaamini naoa mke wa pili. Nikaapa sioi. Akauliza basi piko ilikuwa ya nini. Hapo nikakwama. Ama niseme mimi ni mwizi wa singa za kaka yake, ama ninyamaze nionekane natafuta mke. Nikanyamaza. Leo nalala barazani. Mbu wa huku wana meno.

Gershom alikuja na pikipiki kukusanya bahasha. Ni Mpokomo wa Golbanti. Watu wa ndizi na mpunga, na eti yeye ndiye anayetufundisha sisi Waorma mikia! Nikampa bahasha yangu bila kumtazama machoni. Darmi naye akampa mbili: ya ng'ombe wake mwenye baka na ya mama wa ng'ombe huyo. Nikacheka. Nani ameomba singa za majike? Akasema Daktari ameomba, kwenye kikao kilekile nilipoinua mkono wa chai.

Jumatano, 16 Oktoba

Matokeo. Ee Mola wangu.

Daktari alianza na Adi. Mzuri, wa wastani, hana tatizo. Kisha akashika karatasi nyingine. Akaniuliza kwa upole Guracha ana rangi gani. Nikasema mweusi, kila mtu anajua. Akasema vinasaba vinasema ni mweupe. Nikasema jua la Garsen humbadilisha mtu. Akasema tena vinasema ni Adi. Si ndugu ya Adi, si mtoto wa Adi. Adi mwenyewe.

Kumbe vinasaba vinajua hata rangi! Kwa nini hawakusema?

Gershom alikuwa amebakiza singa chache. Akazipangusa kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikawa nyeusi. Kikundi kizima kikaitazama ile pamba, halafu, pole pole, kikageuka kuzitazama ndevu zangu, ambazo nchani upande wa kushoto bado zina weusi. Sijawahi kutazamwa hivyo. Darmi peke yake alishusha pumzi akamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe ni ng'ombe tu!

Kassim akasimama. Nilidhani atanimaliza. Akasema shemeji yetu ameteleza, na nani hapa hajateleza. Aombe radhi tu, Gershom achukue singa za Guracha leo hii, na sisi tutasubiri majibu kabla ya kuhasi yeyote. Watu wakaitikia. Daktari naye akakubali kwa kichwa. Guracha alikuwa amepona. Kilichobaki ni neno moja la mdomo wangu.

Nikafungua mdomo. Nikausikia ukisema kwamba Gershom ndiye aliyechanganya bahasha, kwamba watu wa ndizi wasishike mikia ya wenzao, na kwamba kura ipigwe.

Kura ikapigwa. Hata wajomba waliinua mkono. Ni Adi. Waliobaki watahasiwa Jumamosi.

Nimekwenda kukaa zizini. Guracha amenilamba kiganja akitafuta chumvi. Sikuwa nayo hata chumvi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Gershom alikuja na koleo la kuhasi. Guracha aliliona akaingia kwenye kichaka cha mathenge, katikati ya miiba. Vijana walimfukuza asubuhi nzima, wakatoka wamechanika mikono. Hakushikika. Nikaanza kuwa na matumaini. Nikawaza labda atavuka mto, labda atafika kijiji cha Wema kwa Wapokomo, labda atazoea ndizi.

Ndipo Gershom aliposema, bila ubaya wowote, kwamba labda mwenyewe amwite.

Watu wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kukataa. Ningeweza hata sasa kulisema lile neno la radhi, Kassim alikuwa amesimama pale pale. Nikaita. Niliita mara moja tu. Guracha akatoka kwenye mathenge, akapita katikati ya watu wote, akaja mpaka kifuani kwangu, kama alivyokuwa akija wakati wa ukame kutafuta uji. Nikamshika pembe inayotazama Kipini. Koleo likabana.

Hakulia. Nililia mimi. Nikawaambia ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Sadia hasemi nami. Ukoo wa ng'ombe wa mama umeishia hapa. Ukame haukuweza kuumaliza, nimeumaliza mimi. Sina la kuongeza.

Jumanne, 22 Oktoba

Daktari amepiga simu. Darmi akaiweka kwa sauti tusikie sote.

Majike walisomwa baada ya mafahali, majibu yametoka jana. Yule ng'ombe wa Darmi mwenye baka! Daktari alikuwa akipumua kwa haraka. Katika utafiti wake wote hajaona ng'ombe kama huyo. Maziwa, jua, kupe, kila kitu. Na mama yake wamemsoma, ni wa kawaida kabisa. Kwa hiyo yote hayo yametoka kwa baba. Baba yake ni fahali gani, na yuko wapi?

Darmi alinitazama. Mimi nikatazama mabati. Guracha alikuwa amelala pale mlangoni, anacheua.

Darmi akamwambia ukweli wote. Kisha Daktari akasema Mzee Abdullahi, basi. Mara hii sikukasirika. Nilijiona mzee kweli.

Halafu akauliza kama Guracha aliacha ndama dume popote. Darmi akasema yuko mmoja, ambaye mimi siku zote nilimhesabu wa Kassim, alizaliwa mwanzoni mwa mwaka zizini kwa Kassim, baada ya Guracha kuruka ua. Mweusi, mfupi, vipembe vimeanza kwenda kila kimoja upande wake. Daktari nusura apige kelele. Atakuja Alhamisi kumwona.

Haukupita muda, Kassim naye akapiga. Amekwisha kusikia. Anasema huyo ndama ni wa ukoo wa ng'ombe wa mama yangu, si wake, na hatamng'ang'ania. Niende tu kwake kesho, ninywe chai, nimwombe Gershom radhi, niondoke na ndama. Hivyo tu. Darmi amenifulia ile kanzu ya Ijumaa na kuitundika mlangoni. Sadia amenisalimia. Nyumba nzima inanisubiri.

Nimeitazama ile kanzu tangu jioni. Ukoo wa mama uko hai! Chai moja tu na neno moja.

Lakini nikaombe radhi kwa mtu wa ndizi? Mbele ya Kassim, na tabasamu lake lile la wema?

Zizini kwangu tuna ndama dume wa umri huohuo. Mpole. Mfupi pia. Ni mweupe, ndiyo, lakini Daktari hajawahi kumwona yule wa kwa Kassim, na Alhamisi atang'oa singa kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Hakuna bahasha. Nani atanishuku?

Ruwaida hufungua duka saa mbili. Ndama mzima atataka piko nyingi sana. Akiuliza, nitamwambia ni ya ndevu.