Malalamiko ya Kukataliwa Kumpima Samaki Anayemlisha Mwanangu

Kwa Sista Mkuu,
Kliniki ya Mama na Mtoto.

Mheshimiwa Sista Mkuu,

Pole na kazi, na pole na makelele ya watoto wetu. Mimi sijambo, mtoto hajambo, mgonjwa ni huyu ninayeandika barua kwa ajili yake. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe, usome nia.

YAH: KUFUKUZWA KWA SHANGAZI KWENYE MIZANI

Nianzie tulikotoka. Mwanangu, ambaye nyumbani tunamwita Bosi, alikuwa hataki kula. Ukileta kijiko anafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya sikukuu. Ninyi wenyewe mlikuwa mnampima na kutikisa vichwa. Wifi yangu tunayekaa naye akasema, "Mtoto huyo anakula kwa macho, mtafutie cha kutazama." Ndipo baba yake akaleta tanki la kioo na samaki wa mapambo, wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, mikia kama vitambaa vya hariri. Nikamweka Bosi mbele yao. Samaki wakafungua midomo, wakafumba, wakafungua. Naye akafungua! Nikapenyeza kijiko. Tangu hapo Bosi anakula, na mizani yenu ni shahidi.

Mwenye bidii kuliko wote ni Shangazi. Tumemwita hivyo kwa sababu hakiletwi kitu mezani ila yeye keshafika kwenye kioo kuchungulia. Juzi kaamka na madoa meupe mwili mzima kama kanyunyiziwa chumvi, mapezi kayabana, anajikuna kwenye mawe. Chakula kakiacha. Na jioni ile ile Bosi naye akakataa kijiko.

Sasa mimi nikafanya mlivyotufundisha: mtoto akiugua usingoje, mlete. Nikamtia Shangazi kwenye chupa ya mdomo mpana, ndani ya maji yake mwenyewe, nikaizungushia shali asipate baridi. Yaliyonipata ni haya:

1. Nilipanga foleni kama kila mama. Zamu yetu ilipofika nesi wa mizani akauliza namleta nani, nikasema Shangazi. "Shangazi aje mwenyewe," akasema. Nikamwonyesha chupa. "Dada, hii ni kliniki ya mama na mtoto." Nikamwambia naye ni mtoto, si unamwona alivyo mdogo? Akaniambia nimpeleke jikoni. Sista, mgonjwa alikuwa anasikia.

2. Akina mama walicheka. Mmoja akasema, "Huyo hata paka hatamwamkia." Hakuna aliyewakemea, na ukutani mmebandika tangazo la kuomba utulivu.

3. Nesi alisema eti nina mchezo. Mchezo? Mlitufundisha mtoto mchanga asipigwe na baridi: tanki langu liko mbali na dirisha, lina kifaa cha kupasha maji, na kipimo chake nakitazama kila nikipita, hata nikiwa na ndoo kichwani. Mlitufundisha tumbo dogo halijazwi kwa pupa: samaki wangu nawapa chembe za kuisha kabla sijamaliza kumfunga Bosi nepi, maana kinachobaki huoza na maji yakageuka sumu. Maji ya bomba siwatii moja kwa moja. Nayaacha kwenye beseni yapumue mpaka kesho yake, ile dawa ya kuua vijidudu itoke. Wala siyabadilishi yote. Natoa kidogo, natia kidogo, kwa sababu kiumbe mwororo ukimbadilishia dunia nzima kwa mkupuo, moyo unasimama. Sabuni hailisogelei tanki. Niambie, katika foleni ile nani anayashika mafunzo yenu kunishinda mimi?

4. Basi tufuate hesabu. Mtoto akila, anaongezeka. Bila samaki, mtoto hali. Kwa hiyo anayemtibu Shangazi kamtibu Bosi, na aliyemfukuza Shangazi kafukuza mtoto kliniki.

5. Tena kama kazi ya Shangazi ni kuhimiza watoto wale, na hiyo ndiyo kazi ya afisa lishe wenu, basi Shangazi ni mtumishi mwenzenu. Mtumishi akiugua hapangi foleni.

Kwa heshima zote naomba Shangazi afunguliwe kadi. Atengewe siku yake, hata iwe baada ya chanjo. Nesi wa mizani amwombe radhi, kwa sauti ya chini na bila kugonga kioo, maana hushtuka. Ikishindikana, basi afisa lishe aje kwangu kila mlo, aingize uso kwenye maji, afungue mdomo na kufumba. Sitamdai zaidi ya hapo.

Nisikuchoshe. Nisalimie daktari, mfagiaji wa korido, mlinzi aliyenishikia chupa nilipokwenda msalani, na hata nesi wa mizani. Mwambie sina kinyongo, nina samaki tu.

Ni mimi mwanafunzi wenu msikivu,
Mama Bosi

Nyongeza: Wifi kaisoma barua hii, kacheka mpaka kakaa chini. Anasema siku zote hizi anatuona kutoka jikoni, na Bosi hamtazami samaki hata kidogo. Ananitazama mimi. Mimi ndiye ninayemkodolea macho Shangazi, na akifungua mdomo nami naufungua, bila kujijua. Mtoto anamwiga mama yake. Juzi nilikaa nimeuma midomo kwa huzuni, naye akaifumba ya kwake. Mchana huu nimejaribu: nimemgeuza Bosi alipe tanki mgongo, nikaachama kama kiboko. Kala chote, bakuli jeupe!

Kwa hiyo hoja ya nne na ya tano mzifute. Aliyemuuzia baba Bosi samaki kasema nipandishe joto polepole na kutia chumvi kidogo, na madoa yameanza kupungua. Shangazi hana tena kazi yoyote kwetu, Sista, na bado nataka apone. Mizani mnafunga saa ngapi?